Kutuma pesa kutoka Uingereza hadi akaunti ya benki Tanzania: mwongozo kamili

Ukitaka kujua kama umetuma pesa vizuri, usianze na ada uliyolipa. Jiulize swali moja: nimetoa paundi ngapi huku, na shilingi ngapi zimeingia kule? Tangazo la "tuma bure", ofa ya mara ya kwanza, kiwango kinachowaka kwenye skrini, vyote vipime kwa swali hilo. Benki ya Dunia imefuatilia gharama hizi kwa miaka mingi, na Afrika kusini mwa Sahara imekuwa ikiongoza kwa ughali: kutuma dola 200 kunagharimu karibu asilimia 8 kwa wastani. Lengo la Umoja wa Mataifa ni gharama hiyo ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Huna haja ya kusubiri 2030. Mtu anayelinganisha kabla ya kubonyeza hulipa chini sana ya wastani huo, na pesa inayookolewa ni ya zamu za usiku na za mwisho wa wiki. Ina mwenyewe.

Mwongozo huu unamhusu anayeishi Uingereza na kutuma kwenye akaunti ya benki Tanzania. Mkenya ataufuata karibu wote, na pale mambo yanapotofautiana nimetaja. Walioko Ghuba na Marekani wana sehemu yao mbele.

Kwa nini benki, wakati simu ipo? Kwa hela ya sokoni au ya dawa, simu inatosha kabisa. Lakini pochi za simu zina kikomo. M-Pesa ya Kenya, kwa mfano, hairuhusu zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja wala zaidi ya 500,000 kukaa kwenye akaunti. Pia mpokeaji hukatwa tena anapotoa kwa wakala. Karo, saruji, mabati na kiwanja vinahitaji benki, kwa sababu kiasi ni kikubwa na kwa sababu benki inaacha taarifa ya maandishi ambayo hakuna anayeweza kuibishia miaka mitano baadaye.

Kwanza: pesa inaingia akaunti ya nani?

Hapa ndipo ningependa usome polepole, maana ndipo watu wengi wanapoumia, na hawaumizwi na kampuni za kutuma pesa.

Kama pesa ni ya matumizi ya mama, itume kwenye akaunti ya mama. Kama ni ya mradi wako, fungua akaunti yako mwenyewe nyumbani. Sisemi hivyo kwa kuwa ndugu ni wezi. Fikiria tu yanayoweza kutokea bila nia mbaya ya mtu yeyote. Kaka yako ana mkopo, marejesho yamechelewa, na pesa yako ikiingia benki inakata chake kwanza. Au kaka yako anafariki, Mungu apishe mbali, na akaunti inafungwa mpaka mirathi ifunguliwe na msimamizi ateuliwe. Pesa yako ya msingi wa nyumba sasa ni sehemu ya mali ya marehemu, na itabidi uthibitishe vinginevyo mbele ya wajane na watoto. Ugomvi wa namna hiyo hauishi kirahisi.

Benki kubwa za nyumbani zina akaunti za diaspora: CRDB na NMB kwa Tanzania, KCB, Equity na Co-operative kwa Kenya. Utaombwa pasipoti, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA kwa Tanzania), picha, uthibitisho wa anwani ya Uingereza na uthibitisho wa ukaazi. Hapo kwenye ukaazi kuna kikwazo kipya. Kadi za ukaazi za Uingereza, BRP, zilikoma mwisho wa 2024 na hadhi ya mtu sasa iko mtandaoni kama eVisa, ilhali fomu za nyumbani bado zinaweza kudai "kadi ya ukaazi". Chapisha ukurasa wa eVisa yako na uambatanishe na pasipoti. Nakala zikihitaji kuthibitishwa, wakili au ubalozi atagonga muhuri. Ukienda likizo, malizia alama za vidole na sahihi tawini ana kwa ana. Mambo mengi yatanyooka siku hiyo.

Uliza pia kama akaunti itakuwa ya shilingi au ya dola. Kampuni nyingi za kutuma pesa zinapeleka shilingi tu, na ukizielekeza kwenye akaunti ya dola malipo yanaweza kukataliwa au kubadilishwa mara ya pili kwa hasara. Akaunti ya dola inafaa kuhifadhia akiba inayotumwa benki kwa benki. Kumbuka tu kwamba tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa mambo machache yaliyotajwa. Muuza vifaa vya ujenzi atalipwa kwa shilingi.

Pili: kusanya taarifa, herufi kwa herufi

Unahitaji jina kamili la mwenye akaunti kama lilivyo benki, namba ya akaunti, jina la benki, tawi, msimbo wa SWIFT (unaoitambulisha benki kimataifa), anwani ya mpokeaji na namba yake ya simu.

Jina ndilo linaloleta matatizo mengi kuliko vyote. Mtaani anaitwa Mama Asha, kwenye simu yako umemhifadhi Bi Mkubwa, kwenye kitambulisho ni Zainabu wa majina matatu, na benki huenda walimwandika Zainab bila u. Kinachohesabika ni cha benki. Mwandikie hivi: "Shikamoo mama. Naomba ukipita benki uchukue karatasi ya taarifa ya akaunti, kisha umwambie Juma aipige picha anitumie." Karatasi hiyo ina jina na namba kama vilivyo kwenye mfumo. Usiombe picha ya kadi ya ATM. Namba ya kadi siyo namba ya akaunti, na picha ya kadi ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni hatari.

Sifuri ya mwanzo ni sehemu ya namba. Akaunti nyingi za CRDB zinaanza na 0, na ukinakili kupitia jedwali la kompyuta sifuri hiyo hupotea kimyakimya.

Msimbo wa SWIFT una herufi 8 au 11: nne za benki, mbili za nchi, mbili za mahali, na tatu za tawi kama zipo. CRDB ni CORUTZTZ, NMB ni NMIBTZTZ, KCB ya Kenya ni KCBLKENX, Equity ya Kenya ni EQBLKENA. Hizo TZ na KE za nafasi ya tano na sita ndizo za kukagua kwanza, kwa sababu Equity na KCB zina benki dada katika nchi jirani na ni rahisi kuchagua isiyo yako.

Fomu ikidai IBAN, ile namba ndefu ya akaunti inayotumika Ulaya na kwingineko, usihangaike. Tanzania na Kenya hazitumii IBAN. Andika namba ya akaunti ya kawaida, na usiende kwenye tovuti zinazodai kukutengenezea IBAN. Kwa Kenya unaweza kuombwa namba ya benki na ya tawi: KCB ni 01, Co-operative ni 11, Equity ni 68, kisha tarakimu tatu za tawi.

Mpokeaji mwenye jina la kawaida sana, kama wengi wetu wa pwani wenye akina Mohamed, Ali na Salim, anaweza kukuta malipo yamesimamishwa kwa siku kadhaa kwa sababu jina linafanana na la mtu aliye kwenye orodha ya vikwazo. Inaudhi, na inawagusa watu wasio na hatia yoyote. Dawa yake ni kujaza majina yote matatu, tarehe ya kuzaliwa na anwani tangu mwanzo, ili mkaguzi aweze kumtofautisha bila kukutafuta.

Tatu: chagua njia, kisha piga hesabu

Kuna njia mbili kuu za halali.

Ya kwanza ni benki kwa benki kupitia SWIFT. Benki yako ya Uingereza hutuma ujumbe, lakini pesa yenyewe mara nyingi hupitia benki nyingine moja au mbili za katikati ambazo kila moja inaweza kukata chake. Ndiyo maana umetuma kiasi kizima na kimefika pungufu. Fomu itakuuliza nani alipe makato. OUR maana yake unalipa yote wewe, SHA mnagawana, BEN analipa mpokeaji. Kama unalipia karo au ankara ambayo lazima ifike kamili, chagua OUR. Ukituma paundi kwenye akaunti ya shilingi, benki ya nyumbani ndiyo itakayobadilisha, kwa kiwango chake cha siku hiyo. Njia hii ni ghali kwa kiasi kidogo, ila ina nafasi yake kwa kiasi kikubwa na kwa akaunti za dola.

Ya pili ni kampuni za kutuma pesa: Wise, Remitly, WorldRemit, NALA iliyoanzishwa na Mtanzania, Western Union na nyinginezo. Hizi huchukua paundi zako ndani ya Uingereza na kulipa shilingi kupitia mshirika wao Tanzania, kwa hiyo benki za katikati mara nyingi hazigusi pesa yako. Kwa paundi mia mbili, mia tano, hata elfu mbili, hapa ndipo pa kuanzia.

Sasa hesabu. Viwango hivi ni vya mfano tu, ili tarakimu ziende sawa. Una paundi 500. Kampuni ya kwanza haitozi ada na inakupa shilingi 3,200 kwa paundi: zinafika 1,600,000. Ya pili inatoza paundi 4 na inakupa 3,300: 496 mara 3,300 ni 1,636,800. Ile ya "bure" imekula shilingi 36,800 bila kukuonyesha risiti yake. Faida yao imejificha kwenye kiwango.

Kwa hiyo, kabla ya kila muamala, fungua programu mbili au tatu, andika kiasi kilekile cha paundi, na linganisha mstari mmoja tu: "mpokeaji atapata". Ofa ya mteja mpya itumie, lakini usihukumu kampuni kwa ofa hiyo. Muamala wa pili ndio sura yake halisi. Kampuni iliyokuwa nafuu Januari si lazima iwe nafuu Juni.

Na viwango hupanda na kushuka vyenyewe. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya. Kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa kama 129. Aliyekuwa akijenga Kisumu kwa bajeti ya dola alipoteza karibu tofali moja katika kila matano bila kubadilisha chochote. Sishauri kubahatisha soko. Nashauri bajeti ya ujenzi iwe na akiba ya kuhimili msukosuko wa namna hiyo, na kama una pesa ya mradi mzima, itume kwa awamu.

Nne: kagua kampuni kabla haijakukagua wewe

Nchini Uingereza, nenda kwenye rejista ya FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha, mtandaoni na utafute jina la kampuni. Angalia imeandikwaje. Taasisi ya malipo iliyoidhinishwa inalazimika kutenga pesa za wateja mbali na zake. Taasisi ndogo iliyosajiliwa tu hailazimiki. Hata ile iliyoidhinishwa haiko chini ya fidia ya FSCS inayolinda amana za benki, kwa hiyo usitumie programu ya kutuma pesa kama kibubu. Ingiza, tuma, acha sifuri.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi wanaijua: yule mtu anayesema "nipe paundi hapa, ndugu yako atapewa shilingi kule leo leo". Kiwango chake kinavutia. Lakini Uingereza biashara ya kuhamisha pesa lazima isajiliwe, na kuifanya bila usajili ni kosa la jinai. Wewe mteja hujui paundi unazoombwa kuweka kwenye akaunti ya mgeni zinalipia nini. Benki ikishuku utakatishaji fedha inaweza kufunga akaunti yako, ile inayopokea mshahara na kulipa kodi ya nyumba, bila kukueleza sababu. Hakuna kiwango kinachostahili hatari hiyo, hasa kwa mtu ambaye ombi lake la viza au uraia bado lipo mezani.

Tano: kutuma kwenyewe

Jisajili kwa jina la pasipoti, siyo la utani. Thibitisha kitambulisho siku ambayo huna haraka.

Lipia kwa uhamisho wa benki au kadi ya kawaida ya benki. Kadi ya mkopo iepuke: watoaji wengi huhesabu muamala huu kama kutoa fedha taslimu, wanatoza ada na riba inaanza siku hiyohiyo.

Mara ya kwanza kwa mpokeaji mpya, tuma kiasi kidogo, paundi 10 au 20. Subiri mpokeaji athibitishe kwa kuona salio, siyo kwa kuona ujumbe mfupi, kisha tuma kilichobaki. Huduma ya Uingereza inayolinganisha jina na namba ya akaunti inafanya kazi ndani ya Uingereza tu. Haijui lolote kuhusu akaunti ya Tanzania. Vilevile, utaratibu wa kurudishiwa pesa ulioanza 7 Oktoba 2024 kwa waliotapeliwa, wenye kikomo cha paundi 85,000, hauhusu malipo yanayotumwa nje ya nchi. Ukimtumia tapeli wa viwanja moja kwa moja kule, uko peke yako. Ujumbe wa ghafla kwamba "akaunti imebadilika, tumia hii mpya" ujibu kwa kupiga simu na kusikia sauti, hata kama umetoka kwenye namba ya dada yako.

Kwenye sababu ya malipo andika ukweli kwa maneno mepesi: msaada wa familia, karo, ujenzi wa nyumba. Mafumbo na utani huwaita wakaguzi.

Hifadhi namba ya muamala na risiti.

Kuhusu siku: ukituma Ijumaa jioni, tarajia Jumatatu. Pesa husubiri pia sikukuu za pande zote mbili, kwa hiyo angalia 26 Aprili, 7 Julai, 8 Agosti na 9 Desemba, pamoja na Pasaka na Idi. Karo ya kufungua shule itume wiki moja kabla.

Walioko Ghuba na Marekani

Dirham ya Emirates, riyali ya Saudia, riyali ya Qatar na riali ya Oman zimefungwa kwenye dola: dirham 3.6725 kwa dola, riyali ya Saudia 3.75, na riali moja ya Oman ni kama dola 2.60. Kwa hiyo kiwango chako dhidi ya shilingi hufuata dola. Ukitaka kujua kama duka la kubadilishia fedha linakupa haki, tafuta kiwango cha dola kwa shilingi siku hiyo na ugawanye kwa namba ya sarafu yako; kwa riali ya Oman, zidisha kwa 2.60. Maduka kama Al Ansari na Lulu hutuma benki. Nenda na kitambulisho cha ukaazi chenye muda, maana kikiisha hawakuhudumii. Oman mwisho wa wiki ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo unachotuma Jumapili kitasubiri Jumatatu ya Dar es Salaam. Na kwa dada zetu wa kazi za majumbani: pesa itumwe kwa jina lako na risiti ikae kwako, hata kama mwajiri ndiye anayekupeleka dukani.

Marekani, tangu 1 Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje kwa taslimu au hundi za aina fulani. Ukilipia kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa huko, haikuhusu. Una pia haki ya kufuta muamala bure ndani ya dakika 30 baada ya kulipa, mradi mpokeaji hajapokea, na siku 180 za kuripoti kosa.

Kiasi kikubwa

Ukituma paundi elfu kumi za kiwanja, tegemea maswali. Andaa hati za mshahara, P60 (hati ya mwaka ya mshahara na kodi kutoka kwa mwajiri), taarifa ya benki na mkataba wa mauziano kabla ya kuulizwa. Usigawanye kiasi vipande vidogo ili kukwepa maswali. Mifumo inatafuta tabia hiyo hasa. Mwambie na meneja wa tawi la nyumbani kwamba pesa inakuja, kutoka wapi, na ya nini.

Pesa isipoonekana

Kama ulipitia SWIFT, dai nakala ya ujumbe wa malipo, ambao watu wa benki bado wanauita MT103, pamoja na namba ya UETR yenye herufi 36. Kwa hiyo namba, benki inaweza kuona malipo yamekwama wapi. Mpelekee mpokeaji aende nayo tawini; bila hiyo, karani atasema tu "haijaingia". Kama ulipitia kampuni na programu inasema imekamilika, waombe namba ya malipo ya ndani ya Tanzania, ile ya TISS au TIPS, siyo namba yao wenyewe.

Jina likikosewa, pesa kwa kawaida hurudi, lakini hurudi ikiwa imekatwa. Ukiona kosa kabla haijaingia, piga simu saa hiyohiyo uombe isimamishwe au jina lirekebishwe.

Malalamiko yaweke kwa maandishi. Uingereza, kampuni ina siku 15 za kazi kukujibu kuhusu huduma za malipo, au 35 kukiwa na sababu maalumu. Usiporidhika, peleka shauri kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi huru wa malalamiko ya fedha, bila malipo. Kama kosa liko kwenye benki ya Tanzania, anza na benki yenyewe, kisha dawati la malalamiko la Benki Kuu, ukiambatanisha risiti, MT103 na taarifa ya akaunti inayoonyesha kwamba hakuna kilichoingia.